Je, Gagarin alirushwa mapema mno?

Mleta mada:
Wakuu, kila ifikapo Aprili 12 tunaisifu safari ya dakika 108 ya Yuri Gagarin, Msovieti aliyekuwa mtu wa kwanza kufika angani, mwaka 1961. Leo naomba tuitazame roketi iliyombeba. Mimi nasema hakupaswa kupandishwa siku ile.

Chombo cha Vostok, alimokaa Gagarin juu ya roketi hiyo, kilijaribiwa mara saba bila mtu ndani, kuanzia Mei 1960. Mara nne mambo yaliharibika. Julai 28, 1960 roketi ilisambaratika muda mfupi tu baada ya kuruka kutoka Baikonur, kituo cha Wasovieti cha kurushia roketi, na mbwa wawili, Chaika na Lisichka, wakafa. Wananchi hawakuambiwa. Desemba 22 ikarushwa roketi mpya, Vostok-K, aina ile ile aliyokuja kupanda Gagarin. Hatua ya tatu, yaani sehemu ya juu ya roketi yenye injini yake, ikazima kabla ya wakati, kapsuli ikaangukia kwenye theluji ya Siberia. Mbwa waliokuwemo walikutwa hai, namshukuru Mungu, lakini kupona kwao si ushahidi kwamba roketi ilikuwa salama. Gagarin alipanda Vostok-K ya nne. Ya nne tu!

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umechanganya roketi na chombo. Mei 15 roketi ilifanya kazi yake. Chombo ndicho kilichogeukia upande usio sahihi wakati wa kurudi, injini ya breki ikakipandisha juu zaidi badala ya kukishusha. Desemba 1 nako breki ndizo zilizoharibu. Kwa hiyo roketi ilifeli mara mbili kati ya saba. Halafu Machi 1961 zikafaulu mbili mfululizo, tarehe 9 na 25, kila moja na mbwa mmoja na sanamu la mtu kitini. Korolev, mhandisi mkuu wa roketi hizo, angesubiri nini tena?

Mleta mada:
Hesabu yako ya roketi naikubali. Ila mtu akipanda roketi, na breki kazipanda. Hata Gagarin mwenyewe, wakati wa kurudi, sehemu ya mitambo iligoma kuachana na kapsuli, akabaki anazungushwa kwa dakika kadhaa. Wamarekani, roketi yao ilipomrusha sokwe Ham kwa kasi kuliko ilivyopangwa Januari 31, walirusha nyingine bila mtu Machi 24, ndipo Mei 5 wakampandisha Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika angani. Kwa jaribio hilo moja wakapitwa na Wasovieti. Ningekuwa na sauti kule Baikonur, nami ningefanya jaribio kama hilo.