Gumzo la Jirani Knoxville: Schiano, saini na pilau la Jumamosi

ALHAMISI

[12:40 jioni] Baraka: Habari za jioni wote. Jumamosi iko palepale. Chakula saa saba mchana kwa Mama Aisha, mjadala saa nane, halafu TV. Mada haijabadilika: mashabiki wa timu ya chuo chetu cha Tennessee (mpira wa Kimarekani) walifanya sawa kumkataa kocha Greg Schiano mwaka 2017? Nataka wasemaji wawili kila upande. Majina kesho kabla ya saa sita mchana.

[12:52 jioni] Baraka: Naona mmesoma. Mtu aseme basi.

[1:15 usiku] Baraka: Issa? Neema? Nyie ndio mnaobishana kila mwaka Novemba ikifika.

[1:31 usiku] Issa: Niandike upande wa Schiano. Walimfukuza mtu ambaye hata hajafungua begi, wakaishia kwa kocha Pruitt. Mjadala umekwisha hapo.

[1:33 usiku] Neema: Haujaanza hata. Baraka, niandike upande wa pili.

[1:34 usiku] Ombeni: Mimi upande wa pilau.

[1:34 usiku] Mama Aisha: 😂😂

[1:36 usiku] Baraka: Ombeni, tafadhali. Kwa wageni wa kikundi, tarehe ni hizi. Kocha wetu Butch Jones alifukuzwa tarehe 12 Novemba 2017, siku moja baada ya kupigwa na Missouri 50 kwa 17. Tarehe 25 Vanderbilt wakatufunga 42 kwa 24, msimu ukaisha 4 kwa 8, bila ushindi hata mmoja ndani ya ligi yetu, SEC. Tennessee haikuwahi kupoteza mechi 8 kwa msimu mmoja kabla ya hapo. Kesho yake, Jumapili tarehe 26, habari ikatoka mchana kwamba mkurugenzi wa michezo John Currie anamleta Schiano, wakati ule kocha wa safu ya ulinzi Ohio State. Mashabiki wakalipuka, na jioni ya siku hiyohiyo mpango ukafa.

[1:41 usiku] Papa Bahati: Jambo yenu wote. Mie nauliza: alitia saini ao hakutia? Kila mtu anasema yake.

[1:48 usiku] Neema: Alitia, Papa Bahati. Hapo ndipo wengi wanapotelea. Kulikuwa na hati ya makubaliano. Si mkataba kamili, ni karatasi fupi ya mambo makubwa: miaka, mshahara, fidia upande mmoja ukijitoa. Mkataba wenyewe mrefu huja wiki au miezi baadaye, wanasheria wakishamaliza kuvutana. Schiano alisaini, Currie akasaini. Nafasi ya mkansela wa chuo, Beverly Davenport, ikabaki tupu.

[1:50 usiku] Ombeni: Kwa hiyo barua ya posa ilipelekwa, mshenga akachekelea, baba wa binti hakuulizwa.

[1:51 usiku] Shangazi Rehema: Na majirani wakajaa uwanjani wakisema kijana huyu hatumtaki 😂

[1:52 usiku] Mama Aisha: Shangazi umenimaliza

[1:53 usiku] Issa: Mnacheka lakini kwa Schiano hiyo haikuwa posa. Mtu amesaini, familia inajiandaa kuhama, jioni anaambiwa hapana.

[1:55 usiku] Baraka: Hoja nzuri Issa, itunze ya Jumamosi. Bado nahitaji msemaji wa pili kila upande. Zawadi? Kaka Juma?

[2:20 usiku] Baraka: Na michango. Pilau ni la watu 40. Mchele wa basmati kilo 6, nyama kilo 8 yenye mfupa, vitunguu kilo 2 na nusu, viazi kilo 3. Waliotoa ni watu 9.

[2:24 usiku] Mama Aisha: Kilo 6 msizipike sufuria moja. Pikeni mbili za kilo tatu tatu. Ukijaza moja, wa chini unakuwa bokoboko na wa juu bado una kiini. Basmati mkishaloweka nusu saa, kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha supu, basi. Mwaka jana maji yalizidi.

[2:25 usiku] Shangazi Rehema: Mwaka jana sufuria kubwa lilikuwepo. Aliyelichukua anajijua.

[2:26 usiku] Kaka Juma: Shangazi tusianze.

[2:27 usiku] Shangazi Rehema: Kumbe upo! Baraka anakuita toka jioni kimya, sufuria likitajwa tu umefika.

[2:29 usiku] Kaka Juma: Nilishasema liko gereji, kifuniko ndicho kilichopotea.

[2:30 usiku] Baraka: Jamani. Sufuria tutaliongea pembeni. Juma, wewe ni msemaji wa pili wa Issa?

[2:30 usiku] Baraka: Juma?

IJUMAA

[1:10 asubuhi] Issa: Nimekesha na hili. Wanaosema mashabiki walishinda wahesabu gharama. Jones kuondoka ni dola milioni 8.25. Currie naye alisimamishwa tarehe 1 Desemba, akalipwa milioni 2.5 aende zake. Pruitt akaja, akapata ushindi 16 na vipigo 19 kwa misimu mitatu, akafukuzwa Januari 2021 kwa makosa ya usajili. Julai 2023 NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wakatoa hukumu: makosa zaidi ya 200, faini ya dola milioni 8, nafasi 28 za ufadhili zikakatwa, ushindi 11 ukafutwa. Schiano yeye akarudi Rutgers, chuo alichokifundisha zamani, mwisho wa 2019 kwa mkataba wa miaka 8, dola milioni 32, akaitoa timu shimoni. Semeni nani alipoteza.

[1:32 asubuhi] Neema: Tarakimu zako ni sawa, ila hazithibitishi unachotaka. Pruitt kuharibu hakumfanyi Schiano kuwa chaguo zuri. Huwezi kuchukua matokeo ya mtu wa mwisho kwenye orodha ukayatumia kumpima wa kwanza.

[1:34 asubuhi] Issa: Sasa kwa nini tulifika kwa mtu wa mwisho?

[1:47 asubuhi] Neema: Kwa sababu ya kalenda. Mwaka ule ndio wa kwanza kuwa na usajili wa mapema wa wachezaji wapya Desemba, tarehe 20 hadi 22. Zamani ilikuwa Februari, kocha mpya ana miezi miwili ya kuzunguka nyumba za wachezaji. Sasa hesabu: Jones katolewa 12 Novemba, wiki mbili zimekwenda kwa jina moja, jina hilo limeanguka 26. Wakatafutwa makocha wengine. Mike Gundy akabaki Oklahoma State. Jeff Brohm akabaki Purdue. Dave Doeren akabaki NC State, tena na mkataba mpya wa miaka 5. Currie akaruka hadi Los Angeles kukutana na kocha Mike Leach, na kesho yake Currie akasimamishwa, Phillip Fulmer, kocha wetu wa zamani, akakalishwa kwenye kiti chake. Pruitt alitangazwa 7 Desemba, siku 13 kabla ya usajili, na bado alikuwa anafundisha ulinzi wa Alabama hadi fainali ya 8 Januari. Kocha mwenye kazi mbili wakati wa usajili.

[1:49 asubuhi] Neema: Na wale waliokataa hawakukataa kwa kuwa Tennessee ni ndogo. Wakala wa kocha anatazama kitu kimoja: mwenye kusaini ana nguvu ya kusaini? Baada ya tarehe 26 jibu lilikuwa hapana. Kila aliyepigiwa simu alijua anaweza kukubali mchana na kukataliwa jioni. Basi simu ya Tennessee ikawa ya kuombea nyongeza ya mshahara kwao.

[1:58 asubuhi] Papa Bahati: Hii ya mwisho ni ya kweli kabisa.

[2:03 asubuhi] Issa: Neema umenisaidia. Nani aliharibu nguvu ya kusaini? Mashabiki.

[2:05 asubuhi] Neema: Aliyeharibu ni aliyepeleka karatasi bila saini ya juu. Ukishamaliza na kocha, unampelekea mkansela, unaongea na wadhamini, na wajumbe wa bodi hawapati habari kwa Twita. Vikimalizika ndipo jina linatoka. Hapa jina lilitoka kwanza.

[2:11 asubuhi] Ombeni: Huyo Schiano kazi zinamkimbia lakini. Desemba 2007 Michigan walimtaka, akabaki Rutgers. Mwaka 2019 timu ya kulipwa ya Patriots walimpata, Machi akaaga kabla ya mechi hata moja.

[2:12 asubuhi] Ombeni: Na Michigan, Schiano alipowakataa, walimchukua Rich Rodriguez wa West Virginia, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa kawakataa wapinzani wetu Alabama, ndipo Alabama wakamleta kocha Saban. Mataji 6. Hapana ya mtu mmoja West Virginia ilitutesa sisi huku miaka 15.

[2:13 asubuhi] Kaka Juma: 😂😂 hiyo kweli. Hadi tulipowafunga Alabama 52 kwa 49, Oktoba 2022.

[2:13 asubuhi] Mama Aisha: Mkwaju wa McGrath!!! Yadi 40!!!

[2:14 asubuhi] Kaka Juma: Mpira umekwenda unayumba kama mlevi, ukapita

[2:14 asubuhi] Mama Aisha: Mashabiki wakang'oa nguzo za magoli, zikaishia mtoni 🧡🧡🧡

[2:20 asubuhi] Baraka: Jamani, McGrath tunampenda sote, nahitaji majina MAWILI. Na dola 15 kila nyumba. Leo.

[4:45 asubuhi] Issa: Nirudi kwenye hoja. Mnakwepa sababu iliyotajwa siku ile. Watu hawakusema "rekodi yake Rutgers ni 68 kwa 67". Hawakusema akiwa na timu ya kulipwa ya Tampa Bay alipoteza mechi 21 kati ya 32. Waliandika habari za Penn State, chuo alichofanyia kazi zamani, na kashfa ya kocha Sandusky wa pale aliyedhulumu watoto.

[4:52 asubuhi] Neema: Wengine walisema mpira. Wengi tulitaka kocha Gruden, tusifichane.

[4:53 asubuhi] Issa: Gruden ambaye Januari alikwenda timu ya Raiders kwa miaka 10 na dola milioni 100. Chuo kilikuwa kinasubiri mtu asiyekuja, kikamkataa aliyekuja.

[5:02 asubuhi] Baraka: Tuseme Penn State kwa uangalifu. Kilichokuwepo ni ushahidi wa Mike McQueary, kocha msaidizi wa zamani wa pale, aliotoa mwaka 2015 kwenye kesi ya chuo na kampuni ya bima, ukafunguliwa Julai 2016. McQueary alisema Tom Bradley, kocha mwingine wa pale, alimwambia kwamba Schiano aliwahi kumwambia kitu kuhusu Sandusky. Mtu wa tatu anasimulia ya wa pili kuhusu wa kwanza. Bradley alikanusha. Schiano alikanusha. Hakuna aliyemshtaki Schiano kwa lolote.

[5:10 asubuhi] Kaka Juma: Sasa kama hakushtakiwa, kwa nini lile jiwe la chuoni ambalo watu huandika ujumbe likaandikwa kumshutumu vile?

[5:11 asubuhi] Ombeni: Jiwe lile linapakwa rangi kila siku, leo siku ya kuzaliwa ya mtu, kesho harusi, keshokutwa "Beat Bama" (wafungeni Alabama). Rangi juu ya rangi, unene wake peke yake ni

[5:12 asubuhi] Ombeni: Samahani simu. Unene wa rangi peke yake ni kama ukuta 😂

[5:40 asubuhi] Mzee Kibwana: Nimesoma yote. Jiwe hupakwa rangi nyingine kesho. Jina la mtu halipakwi tena. Kama kocha hamumtaki kwa mpira, semeni mpira. Aliyeandika jambo asilolijua juu ya mtu amefanya dhambi, hata kama timu ilipona. Jumamosi msiliseme lile neno la kwenye jiwe mbele ya watoto.

[6:02 mchana] Neema: Shikamoo Mzee. Tumekusikia.

[6:03 mchana] Issa: Shikamoo Mzee.

[6:05 mchana] Mama Aisha: Shikamoo baba.

[6:06 mchana] Mzee Kibwana: Marahaba.

[7:30 mchana] Baraka: Ahsante Mzee. Basi nabadilisha mada kidogo: "Bila kutaja Penn State, Schiano alifaa kuwa kocha wa Tennessee?" Rutgers ya 2006, ushindi 11, kumfunga Louisville 28 kwa 25, hivyo ruksa. Tampa ruksa. Ulinzi wa Ohio State ruksa. Hati na saini ruksa.

[7:38 mchana] Neema: Hapana Baraka. Ukiondoa hilo, hujajadili siku ile iliyotokea. Unajadili siku nyingine. Mzee amekataza kumchafua mtu. Hajakataza kusema kwamba watu walimchafua.

[7:41 mchana] Issa: Kwa mara ya kwanza niko na Neema.

[7:44 mchana] Baraka: Mzee, unasemaje?

[9:15 alasiri] Baraka: Mzee?

[9:20 alasiri] Shangazi Rehema: Mzee amelala. Mwacheni.

[10:05 jioni] Zawadi: Samahani nilikuwa zamu ya usiku, ndio naamka. Kuna kitu Jumamosi? Naweza kuleta kachumbari. Kwa Fulmer mmesahau jambo moja: ndiye aliyeleta taji la taifa la 1998, akaondolewa 2008, akaja kocha Kiffin kwa msimu mmoja tu akakimbilia chuo cha USC Januari 2010. Chuo kile kimeshakimbiwa na kocha usiku, wanafunzi wakajaa nje. 2017 hasira ilikuwa na miaka tayari. Mtu aliyeachwa vile hakubali kuletewa mwingine bila kuulizwa.

[10:09 jioni] Neema: Zawadi, wewe ni msemaji wangu wa pili. Usikatae.

[10:10 jioni] Zawadi: Jumamosi saa ngapi? Natoka kazini saa nane.

[10:12 jioni] Baraka: Mjadala ndio saa nane!

[10:14 jioni] Zawadi: Basi nitafika nane na nusu. Kachumbari ya watu wangapi?

[10:15 jioni] Baraka: 40. Nyanya kilo 4, vitunguu kilo 2. Vitunguu uvioshe kwa chumvi, uvikamue, usikate nyanya mapema maana zinatoa maji.

[10:18 jioni] Mama Aisha: Baraka ameanza kunifundisha kazi 😂

[11:30 jioni] Baraka: Hesabu ya leo: nyumba 14 zimetoa. Issa hana msemaji wa pili. Juma nakusubiri. Mada tutaikubaliana palepale Mzee akifika. Mtungi wa gesi nani ana uliojaa?

[11:52 jioni] Kaka Juma: Mtungi ninao, nusu. Sufuria naleta. Kifuniko bado.