Bondi za uchaguzi India: kwa nini anayechangia chama aanikwe?

mtu_wa_hesabu
Wakuu habari zenu. India kuanzia 2018 walikuwa na bondi za uchaguzi, unaenda State Bank of India, benki ya serikali ile, unanunua karatasi ya kuanzia rupia 1,000 mpaka milioni 10, unaipeleka kwa chama chako, chama kina siku 15 za kuchukua hela, na jina lako halitajwi popote. Tarehe 15 Februari 2024 Mahakama ya Juu ikazipiga chini, majaji 5 kwa kauli moja wakiongozwa na Jaji Mkuu Chandrachud, wakasema mpiga kura ana haki ya kujua nani anakipa chama hela. Mimi nasema walikosea. Mfanyabiashara akichangia upinzani na jina likajulikana, kesho yake si anapelekewa watu wa kodi? Ile siri ilikuwa inamlinda.

Dada_Mkubwa
Inamlinda na nani? Benki yenyewe ni ya serikali hiyo hiyo unayosema itamtumia watu wa kodi! Mwaka 2018 kuna mwandishi wa habari alinunua bondi za rupia 1,000, akapeleka maabara, ikakutwa ina namba iliyofichwa inayoonekana kwa mwanga wa UV tu. Benki ilikuwa na uwezo wa kujua nani kanunua na nani kachukua, aliyefungiwa nje ni mpiga kura peke yake.

KisauniFinest
Mnaongea kama BJP, chama cha Waziri Mkuu Modi, walikula peke yao. Majina yalipotoka Machi 2024 si sote tuliona? BJP rupia bilioni 60 na ushee, sawa, ndio wa kwanza, lakini TMC, chama cha Mamata Banerjee wa jimbo la West Bengal, bilioni 16, Congress 14, BRS ya jimbo la Telangana 12, hao wote walikuwa wanapingana na Modi. Na aliyenunua nyingi kuliko wote ni kampuni ya bahati nasibu, Future Gaming ya Santiago Martin, bilioni 13 na zaidi. Yaani hela za wavivu wanaokaa vibarazani kusubiri namba ndio zinaendesha siasa za nchi ya watu zaidi ya bilioni 1. Shida ni hao, si bondi.

baba_Zuu
Kijana, mvivu unamwita nani? Mimi nimebeba magunia tangu sijaoa, nimesomesha watoto, na Jumamosi nikitaka kununua tiketi nanunua, hela ni yangu na jasho ni langu. Unawajua hao watu wa Bengal wanaonunua tiketi? Ni wavuta mikokoteni, wauza chai, mafundi. Usitukane watu usiowajua.

KisauniFinest
Mzee sikukutaja wewe. Lakini ukweli ni kwamba kamari inaua familia, hapa mtaani kwetu naona kila siku. Kama hawangenunua, huyo Martin angetoa wapi za kumwaga kwa vyama?

mtu_wa_hesabu
Jamani mada ni bondi. Halafu bahati nasibu India si ilishapigwa marufuku nchi nzima?

Nipo_Chennai
Hapana kaka, kila jimbo linaamua lenyewe. West Bengal zinauzwa, Kerala serikali ya jimbo yenyewe inaendesha yake. Huku Tamil Nadu ndio marufuku tangu 2003, nipo huku na mama kwa matibabu, hukuti kibanda hata kimoja. Sasa sikilizeni hii, DMK ndio chama kilichoingia madarakani huku 2021, na wenyewe walitaja kwamba walipokea zaidi ya rupia bilioni 5 kutoka Future Gaming. Tiketi hairuhusiwi kuuzwa jimboni, ila hela ya tiketi inakaribishwa chamani.

Dada_Mkubwa
Asante sana Nipo_Chennai. Mtu_wa_hesabu, bila majina hilo la Future Gaming tungelijuaje? Na wakomunisti wa CPI(M) walikataa bondi kabisa, wakaenda mahakamani pamoja na ADR, shirika la kiraia linalofuatilia uchaguzi, kuzipinga.

KisauniFinest
Wakomunisti walikataa kwa sababu hakuna tajiri wa kuwapa!! Na mahakama unayoisifia ilikalia hiyo kesi tangu 2017, uchaguzi wa 2019 ukapita bondi zinauzwa tu.

Dada_Mkubwa
Ilichelewa sana, na hilo linaniuma. Lakini angalia benki ilifanya nini baada ya hukumu, iliomba muda mpaka 30 Juni ndio itoe majina, wakati kura za uchaguzi mkuu zilikuwa zinahesabiwa 4 Juni! Mahakama ikakataa tarehe 11 Machi, ikawapa siku 1, na kweli wakaleta. Kazi ya siku 1 waliiombea miezi.

mtu_wa_hesabu
Basi mimi nasema kampuni zisichangie kabisa, achangie mtu mwenye kadi ya kura tu, na mwenye kutoa kidogo aachiwe siri yake.

Dada_Mkubwa
Sasa umehama, ulianza kwa kumtetea mfanyabiashara. Na mwenye kutoa kidogo siri anayo mpaka leo, mchango usiozidi rupia 20,000 chama hakilazimiki kutaja jina. Kuhusu kampuni, zamani zilikuwa na kikomo, asilimia 7.5 ya wastani wa faida ya miaka 3. Sheria ya fedha ya 2017 ya Arun Jaitley, waziri wa fedha wa wakati huo, ikakiondoa, hata kampuni inayopata hasara ikawa inaweza kuchangia. Mwenye hasara anatoa hela kwa mapenzi gani? Hiyo ndiyo iliyowakera majaji pia.

baba_Zuu
Mimi bado nipo kwenye neno wavivu. Muuza chai alinunua tiketi akitafuta bahati yake, hakumtuma mwenye kampuni akampelekee Mamata wala Stalin, yule kiongozi wa DMK. Mwenye tiketi ndiye mnamsema, na waliopokea mabilioni mnawaita waheshimiwa.

KisauniFinest
Sijamwita mtu mheshimiwa hapa mzee, soma vizuri. Nimesema wote walikula, na nasema tena, Martin alifuatwa na wapelelezi wa fedha wa serikali kuu na bondi akaendelea kununua. Sasa Dada_Mkubwa nijibu hili, majina yametoka tangu Machi 2024, nani amerudisha hata rupia 1?