Hedi mpya, kipenyo kilekile: hiyo ni injini mpya au ni ya zamani?

Kinu: Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Kila gari likitoka tunaambiwa lina "injini mpya kabisa". Ukitazama vipimo unakuta ni vilevile. Chukueni 1KD-FTV, injini ya dizeli ya Toyota iliyokuja mwaka 2000: kipenyo cha silinda milimita 96, mwendo wa pistoni 103, cc 2982. Sasa tazameni 1KZ-TE iliyoitangulia: 96, 103, 2982. Kwangu mimi hiyo ni injini moja iliyovishwa hedi nyingine (kile kichwa cha juu chenye valvu) na nozeli za kisasa. Kuiita mpya ni kumdanganya mnunuzi. Mnasemaje?

Mchoraji: Mkuu, hizo namba ulizoleta ni ujazo tu. Ndani ya ujazo uleule kila kitu kinaweza kuwa kingine. 1KZ ina kemshafti moja (mhimili unaofungua valvu) na valvu 8, na dizeli inapulizwa kwenye kichumba cha pembeni, moto unaanzia huko ndipo uingie kwenye silinda. 1KD ina kemshafti mbili, valvu 16, na dizeli inatoka kwenye reli ya presha kubwa ikapigwa moja kwa moja juu ya pistoni. Pistoni yenyewe inachongwa bakuli kichwani kwa sababu moto unawakia pale. Ukishahamisha mahali pa kuwakia moto, umebuni injini upya. Tatizo ni kwamba mambo haya huamuliwa na mafundi, na fundi anajua spana, hajui mchoro.

Spana 17: "Fundi anajua spana, hajui mchoro." Mengine yasubiri, hili nalijibu. Nimeanza kushusha injini nikiwa na miaka 16, leo nina 41. Mchoro unakaa mezani, haugongi, hauvuji, hauchemki. Gari likizima njiani saa nane za usiku anaitwa nani, Mheshimiwa Mchoraji?

Na nikwambie kitu. Niliwahi kuuziwa gasketi ya hedi, nikaambiwa injini ni ileile, imeboreshwa kidogo tu. Aliyeniuzia simtaji. Nikailaza juu ya bloku, ule mwili wenye silinda, kabla ya kufunga chochote: tundu mbili za maji zimezibwa kabisa. Ningeliamini hilo neno "ileile", mteja angeunguza hedi ndani ya wiki. Kwa hiyo mimi nikisema injini ni mpya, nimeona tundu hazilingani. Sikusoma kwenye karatasi.

Mchoraji: Umeniita mheshimiwa kana kwamba nimezaliwa na kalamu mkononi. Mtu wa kwanza kunionyesha krenki alikuwa fundi, na nilimshikia taa miaka mitatu kabla sijaingia chuo. Sijadharau mafundi.

Spana 17: Basi yeye ndiye hajui mchoro?

Plagi Nne: Wazee, rudini kwenye mada. Mimi niko na Kinu, na ushahidi ninao. 4A-GE, injini ya petroli ya Toyota, ilianza na valvu 16. Mwaka 1991, kama sikosei, wakaifanya valvu 20, tano kila silinda, na kila silinda ikapewa koo lake la hewa. Hedi nzima nyingine! Lakini kipenyo 81 na mwendo 77 havikuguswa, na Toyota wenyewe wakaendelea kuiita 4A-GE. Mwenye mtoto hakumbadilisha jina, wewe jirani unambatizaje?

Kinu: Asante sana Plagi Nne. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Mchoraji: Lakini kwa mantiki hiyo hiyo, Toyota ndio waliotoa jina 1KD na kuacha 1KZ. Ama jina ni ushahidi kote kuwili, ama si ushahidi popote.

Kijana wa V8: Mnahangaika na dizeli. Chevrolet walitoa V8 yao ndogo, ya silinda nane, mwaka 1955 na mpaka leo ni hiyohiyo, wanaongeza tu nguvu. Injini nzuri haibuniwi mara mbili.

Binti Karakana: Hapana. LS1, V8 yao ya mwaka 1997, ilirithi inchi 4.4 kati ya kitovu cha silinda moja na kitovu cha inayofuata, ikarithi pia kemshafti moja ndani ya bloku. Bloku ni nyingine, ya alumini. Hedi ni nyingine. Hata zamu za kuwaka silinda zilibadilishwa: ya zamani 1-8-4-3-6-5-7-2, ya LS 1-8-7-2-6-5-4-3.

Na huo umbali wa vitovu hubaki kwa sababu ya kiwanda. Mitambo ya kutoboa bloku hupangwa kutoboa silinda kadhaa kwa mpigo mmoja. Ukibadilisha umbali, unabadilisha safu nzima ya mitambo, na hiyo ni gharama kubwa kuliko kuchora pistoni. Ndiyo maana injini mpya kabisa inaweza kubeba kipimo cha babu yake. Kinu, namba ulizoleta zinaweza kuwa historia ya mitambo, zisiwe historia ya injini.

Spana 17: Kaka, hapo umemaliza. Huyu amefika kiwandani.

Binti Karakana: Ni dada, Spana.

Spana 17: Samahani sana dada yangu. Jina lilikuwa mbele ya macho yangu.

Kinu: Nimekuelewa dada, lakini sikusema kuboresha ni vibaya. Hoja yangu ni ukweli wa tangazo. V12 ya Lamborghini ilianza 1963 na lita 3.5, ikapanuliwa hadi lita 6.5, ikafika 2010. Ferruccio aliichora vizuri ikadumu miaka yote hiyo. Gari lao la Aventador lilipokuja 2011 ndipo ikaja injini mpya kweli. Hao ndio waungwana.

Mchoraji: Aliyeichora ni Giotto Bizzarrini. Ferruccio ndiye mwenye kampuni. Na ona ulivyohama: ulianza na kubuni, sasa uko kwenye matangazo.

Kijana wa V8: Mimi nimesahihishwa, sawa, nimekubali kuhusu LS. Ila injini yenye mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kemshafti, isiitwe ya kisasa hata ikichorwa jana. V8 zangu zina cheni.

Spana 17: Cheni, cheni! Cheni inakazwa na tenshena inayosukumwa na presha ya oili. Chelewesha oili, tenshena inalegea, cheni inaanza kupiga kelele asubuhi. Mkanda ukijua tarehe yake haukusumbui.

Binti Karakana: Hata hivyo 1GD, iliyoirithi 1KD mwaka 2015, ina cheni, wakati 1KD ilikuwa na mkanda. Walihama kwa sababu.

Kijana wa V8: Si nilisema?

Spana 17: Ulisema ya kisasa. Hukusema lini unabadilisha oili.

Kinu: Jamani, mada yangu ni upya wa injini.

Plagi Nne: Kinu nivumilie, nina shida ya kweli. Nimenunua gari la mkononi lenye 1KD. Taa ya kukumbusha kubadilisha mkanda haiwaki, lakini aliyeniuzia hana rekodi yoyote. Nisubiri iwake?

Spana 17: Usisubiri. Taa inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Badilisha mkanda na tenshena yake kwa pamoja, wiki hii. Na dukani utaje 1KD kwa sauti. Wakikwambia wa 1KZ ni uleule, ondoka.