Mchungaji anayepiga filimbi ng'ombe wakiwa mtoni: picha za chapa za karne ya 17

Mwalimu wa Sanaa, Nakuru
Salaam. Niliwaonyesha wanafunzi wangu wa sekondari picha ya mchunga ng'ombe ambayo Claude Lorrain aliichapa Roma mwaka 1636. Mchungaji ameketi chini ya miti akipiga filimbi huku ng'ombe wake wakivuka maji. Mwanafunzi mmoja, ambaye kwao ni wafugaji, aliuliza ni mchungaji gani huyo anayestarehe mifugo ikiwa mtoni. Je, wasanii wale hawakuijua kazi ya uchungaji?

Mchapaji, Kisumu
Mwalimu, picha hizo hazikukusudiwa wachungaji. Walionunua walikuwa watu wa mjini, wengi wao wakiwa wamesoma mashairi ya Virgil, Mrumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, ambaye wachungaji wake hushindana kwa nyimbo kivulini. Lakini katika shairi lake la kwanza, mmoja anajilaza chini ya mti ilhali mwenzake anaswaga mbuzi kwenda asikokujua, kwa kuwa amenyang'anywa shamba lake, jambo ambalo msomaji wa Nakuru hahitaji kufafanuliwa. Wachapaji wengi waliuchukua mti wakamwacha aliyefukuzwa.

Ufundi nao ulichangia. Claude hakuchonga shaba kwa patasi, bali alilipaka bamba nta, akachora juu yake kwa sindano, kisha asidi ikaila mistari iliyokuwa wazi. Sindano hupita kwenye nta kwa wepesi wa kalamu, na ndiyo maana majani, manyoya na mwanga wa jua linalotua, vitu visivyo na ukingo mkali, viliwavutia sana waliotumia njia hiyo.

Mfugaji, Bungoma
Ndugu Mchapaji, usiwatie wote kapu moja. Mtazame Paulus Potter wa Uholanzi, aliyefariki mwaka 1654 kabla hajatimiza miaka 30. Katika picha zake za ng'ombe za mwaka 1650 unaweza kuhesabu mifupa ya nyonga. Mimi nimechunga tangu utotoni: ng'ombe akishashiba hulala akacheua, na hapo ndipo mchungaji naye hukaa. Pumziko lenyewe ni la kweli. Claude alikosea saa tu.

Mchapaji, Kisumu
Hilo nakubali. Basi Mwalimu awaonyeshe pia ile picha ya miti mitatu ya Rembrandt, ya mwaka 1643, ambamo mvua inaondoka upande mmoja, mvuvi yuko ukingoni mwa maji, na wapenzi wawili wamejificha kichakani karibu wasionekane. Humo Rembrandt hakutegemea asidi pekee, kwani baadhi ya mistari aliikwaruza moja kwa moja kwenye shaba.

Mwalimu wa Sanaa, Nakuru
Ahsanteni. Asidi hatuna, lakini kukwaruza kwa sindano kwenye kipande cha plastiki ngumu tunaweza. Nitamwomba mwanafunzi yule achore mchungaji wa kwao, saa anayoijua yeye.