Mrejesho: zile Nancy Drew mbili zenye jina moja

Wakuu mambo, mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini nina nakala mbili za kitabu namba moja cha Nancy Drew (zile hadithi za binti mpelelezi), jina lilelile ila stori haziendi sawa, nikahisi muuza vitabu wa Makoroboi hapa Mwanza kanipiga. Kumbe sijapigwa bana. Aliyesema nihesabu sura alikuwa sahihi: kimoja kina 25, kingine 20. Kirefu ni stori ya mwanzo ya 1930, kifupi ni ileile ikaandikwa upya 1959, wakapunguza kurasa na kutoa mambo ya kibaguzi. Na Carolyn Keene, yule anayeandikwa kwenye jalada kama mwandishi, hayupo, ni jina la bandia tu, waandishi kibao, hapo nilichoka.

Nimesoma vyote. Nancy wa zamani ana miaka 16, mjeuri kiasi, wa 1959 ana 18 na katulia kama anaenda kwenye intavyuu. Mi nampenda mjeuri.

Ila hicho cha zamani kilikuwa kinanuka kuvu, si mnajua unyevu wa huku ziwani, nikakifungia kwenye ndoo na bakuli la mkaa wiki nzima, mama watoto akaniuliza humo ndani nimeficha dagaa au. Harufu imepungua, haijaisha. Kitabu namba mbili bado nasaka, mwenye nayo anicheki.