Naomba ushauri: nipateje vikao vya harusi na shughuli za kukodi kwenye baa yangu?

Habari za jioni wakuu. Nina baa Kihonda, Morogoro. Ijumaa na Jumamosi namshukuru Mungu, watu wanajaa. Shida ni katikati ya wiki na Jumapili mchana. Nyuma kuna banda kubwa la makuti, linaingiza watu kama 80, na linakaa tupu.

Nataka liwe la shughuli: birthday, kipaimara, vikoba vinapovunja mwisho wa mwaka, na hasa vikao vya harusi. Kamati ikishazoea sehemu inarudi kila wiki mpaka harusi ifike, na kila mjumbe anakula na kunywa kwa hela yake.

Ninapokwama ni bei. Nikitoza ukumbi, wanahamia kwa jirani anayetoa bure. Nikitoa bure, wengine wanakaa masaa matatu na maji ya chupa ndogo, huku nimewawekea spika na wahudumu wawili. Nafikiria kuweka kiwango cha chini cha manunuzi: wakikifikisha, ukumbi hawalipi. Mnaofanya hivi, mnamwambiaje mwenyekiti wa kamati bila kumkwaza? Na anayetaka kuja na kreti zake za bia kutoka jumla, mnamtoza kwa kreti au mnakataa kabisa?

Halafu ma-MC na wapambaji: mnawapa kamisheni wakileta mteja? Naona wao ndio wanaoulizwa kwanza shughuli ifanyikie wapi.

Natamani niwe nimejipanga kabla ya harusi za Desemba. Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.