Tumbo linajaa, viungo vinauma, vipimo "safi". Apime nini tena?

Mtaa_wa_Ujiji: Wakuu, mgonjwa ni dada wa miaka 34, anaanika dagaa Kibirizi, Kigoma. Tumbo linajaa na kunguruma, choo leo kigumu kesho laini, kiungulia usiku. Mabega, mgongo na mapaja vinauma hata siku ambayo hajabeba kitu. Amepimwa malaria, Widal (kipimo cha taifodi), choo mara moja, na H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, kwa damu (chanya). Utrasaundi haina tatizo. Amemeza Flagyl mara kibao, omeprazoli (ya kupunguza asidi) akizidiwa, diklofenaki (ya maumivu) karibu kila siku. Sasa anaambiwa ni mawazo. Kimebaki kipimo gani?

Hadubini: H. pylori ya damu inaonyesha kingamwili, na hizo hubaki muda mrefu hata bakteria wakishakufa. Apime antijeni, yaani chembe za bakteria wenyewe, kwenye choo. Ila aache omeprazoli wiki 2 na antibiotiki wiki 4 kabla, la sivyo jibu litatoka hasi na wadudu wamo.

Kingine, mtu anayekanyaga maji ya Ziwa Tanganyika amepimwa choo mara moja tu? Mayai ya kichocho cha matumbo hayatoki kila siku kwa wingi uleule. Apeleke sampuli 3 za siku tofauti, na aombe Kato-Katz, kipimo cha kuhesabu mayai hayo kwa hadubini. Kikionekana ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 anameza vidonge 4 vya 600, akiwa ameshakula. Minyoo michanga ya kichocho haifi kwa dozi hiyo, kwa hiyo dalili zikiendelea arudi kupima. Na Widal peke yake isimwanzishie mtu dawa ya taifodi.

Dawa_kwa_saa: Mimi nagombana na diklofenaki. Inapunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo, na sindano yake inafanya vilevile, maana madhara yanapitia kwenye damu. Mgongo unatulizwa, tumbo linaumizwa. Abadili kwa parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kwa mara moja, visizidi 8 kwa saa 24.

Omeprazoli ya "nikizidiwa" haifikii nguvu yake kamili. Akishapima, humezwa nusu saa kabla ya kula, kila siku. Antijeni ikitoka chanya: omeprazoli miligramu 20, amoksilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, zote kutwa mara 2 kwa siku 14. Daktari aulize kwanza mzio wa penisilini na ujauzito. Wengi huacha siku ya tano mdomo ukishakuwa mchungu, ndipo bakteria wanazoea dawa. Wiki 4 baada ya dozi arudie kipimo cha choo, na ile omeprazoli awe ameiacha wiki 2.

Dada_wa_zamu: Hayo yote yakiwa safi, aongeze wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, na brusela (ugonjwa wa kutoka kwa mifugo) kama anakunywa maziwa yasiyochemshwa. Hapo ndipo daktari afikirie utumbo wenye hisia kali na maumivu sugu ya misuli, magonjwa mawili ambayo mara nyingi hufuatana. Si uongo wa mgonjwa. Neva zinapokea kitu kidogo na kukikuza. Amitriptilini, dawa ya kutuliza neva hizo, miligramu 10 usiku husaidia, lakini kwa cheti. Atembee dakika 10 kwa siku, aongeze taratibu. Akianza kwa pupa ataumwa kesho yake na kuacha.

Chakula: maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe. Maziwa yasiyoganda yakimsumbua ajaribu mgando. Dagaa wa kukaanga kwa mawese wasiwe chakula cha kulalia. Aondoe kitu kimoja kwa wiki 2, asiondoe vyote kwa pamoja, hatajua kilichomponya.

Akitapika damu, akikonda bila sababu, chakula kikikwama kooni au choo kikiwa cheusi, asisubiri vipimo vya mtaani. Aende hospitali ya Maweni siku hiyohiyo.

Mtaa_wa_Ujiji: Asanteni. Anameza pia vidonge vya kuongeza damu, choo kimekuwa cheusi kidogo. Nimkimbize?

Dada_wa_zamu: Madini chuma hutoa choo cheusi kinachoelekea kijani, kilichoshikana. Cha kuvuja damu ni kama lami: kinanata, kinang'aa, na harufu yake huwezi kuikosea. Kwa kuwa ametumia diklofenaki muda wote huo, akiwa na kizunguzungu au moyo kwenda mbio, mpeleke bila kubishana na rangi.

Hadubini: Na wakichukua sampuli, aseme anatumia vidonge hivyo.